Paa Linalopumua

Likasi, 4 Oktoba 1992

Leo tumekubaliana, kwa hiyo naanza kuandika. Kazi ya namna hii haipaswi kuachiwa kumbukumbu za mdomo.

Matanité ya masista, nyumba yao ya kuzalishia, imebaki na jenereta moja ya dizeli isiyo na mazuti. Umeme wa bwawa la Mwadingusha huja mchana na kukatika jioni, hasa mvua inapokaribia, maana nyaya zimezeeka na nyingine zinaibwa zikiwa bado juu ya nguzo. Sista Émérence, anayeiongoza matanité, alinijia na swali moja tu: je, umeme wa mchana unaweza kuwekwa mahali ukangoja jioni? Betri nzuri hakuna tena mjini. Nilimjibu kwamba nilipokuwa mkuu wa maabara katika jumba la elektrolisi, ambamo metali husafishwa kwa umeme, kabla kiwanda hakijasimama, niliviona viputo vya hidrojeni vikipanda katika matangi miaka nenda miaka rudi, nasi tukaviandika katika safu ya hasara.

Nilimweleza na mpaka wake. Hidrojeni si kuni wala makaa. Haichimbwi mgodini Kamatanda, haikatwi msituni. Ni chombo cha kubebea tu: mchana umeme huyavunja maji, gesi inahifadhiwa, jioni inachomwa ndani ya mota na mota inarudisha umeme. Na chombo hicho kinavuja njiani. Tukitia vikombe kumi, tutashukuru tukipata viwili. Sista alifikiri kidogo, akasema: «Vikombe mbili ku giza, Madame, ni vingi.»

9 Oktoba

Kibanda kimekwisha. Ningependa kiwe mbali na watu. Lakini waya wa kutosha haupo, kwa hiyo kimeegemea ukuta wa chumba cha upasuaji. Naliandika hili wazi kwa kuwa silipendi.

Watenda kazi ni wawili. Magloire, fundi umeme niliyefanya naye kazi kiwandani, ametengeneza seli ya kuvunja maji kwa sahani za nikeli na potasi kali iliyobaki maabara. Firmin, mlehemu mstaafu, mzaliwa wa hapa, ametengeneza kengele: tangi la chuma lililopinduliwa ndani ya tangi jingine la maji. Gesi ikiingia, kengele hupanda, ikitoka, hushuka. Tena ameibadili ile jenereta ili inywe gesi kwa bomba la mpira badala ya mazuti, na kuiwasha kwa cheche.

Ugomvi ulikuwa juu ya paa. Hidrojeni ni nyepesi kuliko kitu chochote. Ikivuja hupanda, na ikikuta paa limefungwa hukaa pale juu ikingoja cheche. Kwa hiyo Magloire na mimi tulikata ufa mgongoni mwa paa, kutoka ukuta hadi ukuta.

«Minye Firmin nijenge nyumba yenye kuvuya?» alisema. «Bantu batanicheka mpaka Kambove!»

«Papa Firmin, bacha bacheke,» Magloire alimjibu. «Hii gesi aipendi kufungiwa.»

«Weye unajua nini ya mvua ya huku? Kwenu Kasai mvua inapiga hodi mbele ya kuingia.»

Walicheka wote wawili. Mimi niliona kwamba Firmin aliacha kucheka mapema kidogo.

17 Oktoba

Mvua ya kwanza. Maji yalipita ufani kama tulivyotarajia, yakaanguka kando ya mota. Tumeweka beseni. Sauti ya matone ndani ya beseni ni ya kawaida, na nimewaambia wote: maadamu mnaisikia, paa linapumua.

25 Oktoba

Kengele imejaa kwa mara ya kwanza. Jioni umeme ulipokatika Firmin aliivuta mota, ilikohoa, ikakubali. Taa ya chumba cha upasuaji iliwaka, nyeupe, pasipo moshi. Bombani mwa moshi yalitiririka maji safi. Sista Émérence aliyakinga kwa kiganja, akayatazama, akajipiga ishara ya msalaba.

Nimeweka sheria ya ufagio. Mwali wa hidrojeni hauonekani mchana. Mtu anaweza kuuingia kama anavyoingia mlangoni. Basi yeyote anayekwenda kibandani atangulize ufagio wa nyasi kavu wenye mpini mrefu. Nyasi zikiwaka, arudi. Firmin amekwisha kunibatiza jina la kemia.

«Mama Chimie, umeisha kufagia hewa? Kule juu kungali na vumbi!»

Wanawake wanaongoja zamu kwenye baraza hawalichukulii kwa mzaha. Nilimsikia mmoja akiuliza: «Ule mama eko nafagia nini pale?» Mwenzake akajibu: «Eko naondosha kitu. Ao eko naita.»

2 Novemba

Umeme haukuja. Mvua. Matone ndani ya beseni.

8 Novemba

Firmin alikuja na binti yake Blandine, anayeishi Kamatanda na mumewe. Ana mimba. Mtoto wa kwanza alikwama, akafa, na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Daktari Alexis, mpasuaji anayekuja matanité akiitwa, amemwambia waziwazi: safari hii hatazaa ila kwa kisu, mwanzoni mwa Februari.

«Mu mwezi wa mbili mvua iko kali,» Firmin alisema, akiitazama kengele wala si mimi. «Courant itakatika.»

«Itakatika,» nilikubali.

«Basi, Mama Chimie, hii kitu yako isinifanyie mazoea.»

Tangu hapo haulizi tena malipo ya jasho lake. Anakuja kabla yangu na kuondoka baada yangu.

14 Novemba

Magloire hakuja. Nilimkuta stesheni, ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mke na watoto wamemzunguka, miongoni mwa watu wengi wa asili ya Kasai wanaosubiri treni ya kuwaondoa. Wengi wao wamezaliwa hapa. Jana vijana waliingia mtaani kwao wakiimba kwamba Wakasai waende kwao, wakang'oa milango. Shule zimejaa, stesheni imejaa, na mvua inawanyeshea walio nje. Nilimpelekea kwinini na blanketi. Nilijua ni kitu kidogo, naye alijua.

«Madame, mwambie Papa Firmin asiguse paa,» aliniambia. Kisha: «Seli, ubadilishe potasi ikichafuka.»

15 Novemba

Firmin aliuliza mwenzake yuko wapi. Nilimwambia. «Banasema bende kwabo,» alisema, kisha akakaa muda mrefu akisugua sahani za nikeli ambazo zilikuwa safi tayari.

1 Desemba

Firmin sasa anaangalia kila kitu peke yake ninapokuwa darasani, ninakofundisha tangu kiwanda kisimame. Ni mtu wa mikono hodari na wa mazoea ya hatari. Alianza kazi zamani, mgodini na katika karakana, enzi ya taa za kabidi, zile za gesi, na gesi kwake ni kabidi. Leo nilimkuta ameinama juu ya mpira unaopeleka gesi kwenye mota, pua yake ikisafiri kutoka ncha hadi ncha.

«Unafanya nini, Papa Firmin?»

«Ninatafuta mahali inavuya. Kabidi ikivuya inanuka sawa vile kitunguu saumu. Hii pua ilikomboa bantu mingi, Madame.»

«Hidrojeni haina harufu. Hata kidogo. Pua haitakuambia lolote. Tumia povu la sabuni.»

«Sabuni!» Aliwageukia wanawake wa barazani. «Munasikia? Shiye tunakosa sabuni ya kunawa, Mama Chimie anataka tusabunie mpira!»

Walicheka. Alipaka sabuni nilipokuwa nimesimama. Sijui anafanya nini nisipokuwapo. Hapa mjini wanaume wote wa umri wake wanaamini kwamba gesi ni kitu kinachotoa taarifa.

19 Desemba

Usiku wa kuamkia leo amezaliwa mtoto wa kike kwa taa yetu. Ni wa tatu sasa. Mama yake amemwita Mwangaza, jina ambalo padre ataona taabu nalo, maana si la mtakatifu.

Uyoga mkubwa umeanza kuuzwa kandokando ya barabara. Nilipokuwa nikirudi nyumbani nilijiruhusu kuwaza mbali, jambo nisilolifanya mara nyingi. Mto Lufira unaanguka Mwadingusha mchana kutwa kwa ajili ya viwanda vilivyosimama. Nguvu hiyo haiwekwi popote. Iwapo ingegeuzwa gesi, malori yangeweza kwenda Kolwezi bila lita moja ya mazuti kutoka ng'ambo, na zahanati zisizofikiwa na nguzo zingepata taa. Hesabu hainikatazi.

Kinachonikataza ni vitu vidogo. Gesi hii inahitaji nafasi kubwa kwa kazi ndogo. Ukiibana, chuma kinachoibana huchoka na kupasuka. Inapita penye mshono ambapo maji hayapiti. Cheche ya sweta inayovuliwa inatosha kuiwasha. Inahitaji mpira mpya, vali nzima, na watu wanaofanya jambo lilelile kwa namna ileile kila siku, hata siku ambayo hakuna anayewatazama. Nchi inayong'oa nyaya zake zenyewe na kupakia mafundi wake kwenye mabehewa haina hata kimoja kati ya hivi.

25 Desemba

Noeli. Mvua. Beseni lilijaa mara mbili.

6 Januari 1993

Mpira unaanza kukauka. Ukiukunja, unaonyesha mistari myeupe. Nimeandika Lubumbashi kuomba mwingine.

Firmin ameleta tena ombi la paa. Tone lilimwangukia kwenye waya wa kuwashia na mota ikagoma.

«Madame, tufunge mahali padogo tu. Pale juu ya mota. Mu mwezi wa mbili ikigoma vile, Blandine atafanya namna gani?»

«Sogeza mota. Usifunge paa.»

«Nyumba yenye kuvuya ni haya.»

«Nyumba hii ikiacha kuvuja, itatuua.»

Alinitazama kama mtu anayepima ikiwa mwenzake anatania. Baadaye niliona ameisogeza mota, kwa juhudi kubwa, umbali wa shibiri. Uso wake haukuwa na ukaidi niliozoea kumdhania. Ulikuwa na hofu. Nadhani nimekuwa nikimsoma vibaya.

15 Januari

Mvua. Matone ndani ya beseni.

29 Januari

Inasemekana askari wanapora Kinshasa. Maduka ya hapa yamefunga milango kabla ya wakati. Umeme ulikuja kitambo kidogo tu.

31 Januari

Malaria. Nimelala tangu juzi. Firmin alisimama mlangoni, kofia mkononi. «Kila kitu iko sawa, Madame. Kengele imejaa mpaka juu. Weye pona tu.» Nilimuuliza kama mpira umepakwa sabuni. Alisema ndiyo. Naacha hapa.

3 Februari

Nitaandika kwa mpangilio wa mambo yalivyotokea, wala sitapunguza.

Blandine aliletwa alasiri, juu ya baiskeli ya mumewe, uchungu umemwanza kabla ya siku aliyopangiwa. Daktari Alexis aliitwa. Mawingu yalikuwa meusi juu ya kilima cha slagi, yale mabaki ya kiwanda. Nilijikokota kwenda matanité, kwa mara ya kwanza tangu homa. Radi ilipiga nikiwa langoni na umeme ukakatika papo hapo. Kisha mvua ikashuka, ile ya Februari isiyoacha nafasi kati ya tone na tone.

Niliuchukua ufagio, nikautanguliza, nikaingia kibandani. Firmin alikuwa ndani, amekwisha kuifunga kamba kwenye gurudumu la mota, tayari kuivuta. Alitabasamu.

«Umekuja kuona, Mama Chimie. Leo njo leo.»

Nilitazama kengele. Ilikuwa chini, karibu na sakafu.

«Umeitumia gesi jana?»

«Apana. Minye nilichunga yote ya Blandine.»

Basi ilikuwa imekwenda mahali. Nilisimama nikisikiliza, na kwa muda sikujua ninasikiliza nini. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu hata sauti zetu zikawa ndogo. Nikatazama beseni. Lilikuwa kavu. Hapakuwa na tone hata moja ndani yake.

«Achia kamba,» nilisema.

«Nini?»

«Achia kamba, Papa Firmin. Usivute. Usiguse kitu. Toka nje.»

«Madame, mutoto wangu eko pale nyuma ya ukuta.»

«Ndiyo maana.»

Alivuta hewa kwa pua, kwa kina, uso umeelekea paa. «Akuna kitu! Ainuki!» alipiga kelele. «Weye uko na homa! Ainuki kitu!»

Nilimshika mkono wenye kamba kwa mikono yangu yote miwili. Sijapata kumgusa mtu huyu kabla. Angeweza kunisukuma kama jani. Alinitoa nje huku nimemng'ang'ania, au mimi nilimtoa, sijui. Nilimwambia, nikiwa nimekaza sauti: akivuta kamba ile ukuta wa chumba cha upasuaji utaangukia ndani. Alisimama kwenye mvua akilia. Kisha alikimbilia dirisha la Blandine na kubaki pale.

Nilipanda ngazi peke yangu. Kwenye mgongo wa paa ufa ulikuwa umezibwa kutoka mwisho hadi mwisho, kwa ustadi, vipande vya magunia vikiwa vimepangwa kama matofali. Na mwishoni, juu ya pale ilipokuwa mota zamani, ilikuwa imeshindiliwa ovaroli ya Firmin, salopette yake ya buluu yenye kiraka cha goti. Nilivisukuma vyote kwa mpini wa ufagio. Sikusikia chochote kikitoka. Hidrojeni haitoi sauti pia.

Kisha nilirudi ndani kutazama mpira. Ulikuwa umepasuka kwenye mkunjo, chini, pasipoonekana. Firmin alikuwa amerudi mlangoni.

«Tufunge na chambre à air,» alisema, sasa kwa sauti ya kunisihi, akimaanisha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. «Ya kinga. Kila siku tunafungaka vile. Madame. Gesi yenye ilibakia inatosha kidogo. Mama yangu, minye nakulomba.»

Nilipima. Paa lilikuwa limeanza tu kupumua. Sikuwa na kifaa cha kuniambia limemaliza lini. Kipande cha mpira wa baiskeli kingeizuia hewa, kingeizuia kabidi. Hii kisingeizuia kwa hakika. Upande wa pili wa ukuta walikuwa Blandine, Daktari Alexis, Sista Émérence, na wazazi wengine wanne. Nilifungua vali ya kutolea gesi nje. Kengele ilishuka mpaka chini, na mwanga wote wa Blandine ukapanda katika mvua bila rangi.

Daktari Alexis alipasua kwa taa ya mafuta na tochi mbili za betri zilizochoka. Sista alishika moja kwa meno ili mikono yake iwe huru.

4 Februari

Blandine yu hai. Mtoto, mvulana, alitolewa amechelewa. Mshipa wa mama yake uliokuwa ukivuja haukuonekana upesi katika ule umanjano wa taa ya mafuta. Mtoto alipumua kidogo, akaacha.

Daktari Alexis hakunilaumu. Alisema tu: «Ningekuwa na taa, pengine.» Neno hili ni sahihi, nami siwezi kulisahihisha.

7 Februari

Mazishi. Firmin alibeba sanduku mwenyewe, halikuhitaji mtu wa pili. Nilipomkaribia aligeuza uso. Mke wake alisema kwa sauti ya kusikika: «Ule mama wa fagio. Alifagia mutoto wetu.»

Mlipuko usiotokea hauna shahidi. Kuna watu saba wanaotembea leo bila kujua. Ninaweza kumwonyesha Firmin salopette, na ataelewa mara moja: kwamba sikuwa na homa ya kichwa, na kwamba mkono uliozima ile taa haukuwa wangu. Hesabu ingekuwa imenyooka. Salopette niliiokota, nimeiosha, imekauka juu ya kiti changu ninapoandika.

12 Februari

Mpira mpya umefika kutoka Lubumbashi. Sista Émérence anauliza kama tutaendelea. Mvua.

16 Februari

Niliikunja salopette nikaiweka chini kabisa ya sanduku langu. Kisha nikaenda kibandani kufunga mpira.

Firmin alikuwa pale, ameketi juu ya ndoo, ufagio umeegemea karibu naye. Hakuniita Mama Chimie.

«Madame, minye natafuta salopette yangu. Ya bulu. Uliiona?»

Kwa miaka yote ya kazi yangu sijapata kuandika tarakimu ambayo sikuisoma kwenye kipimo.

«Sikuiona, Papa Firmin.»

Alitikisa kichwa taratibu. Mvua ilianza, ya manyunyu, na baada ya kitambo tone la kwanza likaanguka ndani ya beseni. Sote wawili tulilisikia. Likaja la pili.

«Inavuya,» alisema.

«Ndiyo.»

«Ile siku aikuvuya.»

Nilikuwa nikikaza kibano cha mpira. Niliendelea kukikaza ingawa kilikuwa kimekwisha kukazwa.

«Ile gesi, Madame. Kweli aina arufu?»

«Haina.»

«Ata kidogo?»

«Hata kidogo.»

Aliliangalia paa, pale mwishoni mwa ufa, juu ya pale ilipokuwa mota zamani. Beseni lilipojaa aliinuka, akalibeba kwa mikono miwili, akamwaga maji nje. Kisha akalirudisha, akalisogeza kidogo huku, kidogo kule, mpaka tone likaanguka katikati yake.